Inia kwa bendi ya kanisa: masikio yanalia mpaka jumatatu, tuanzie wapi?

besi_ya_ziwani
Wakuu habari za leo, naomba ushauri maana hili jambo linanitesa muda mrefu. Mimi ni mpiga besi na ndiye naongoza timu ya sifa hapa kwetu Mwanza, tuko tisa, waimbaji watano, kinanda, solo, drams na mimi. Ukumbi wetu ni mkubwa, mabati juu hamna dari, kuta za tofali na sakafu ya sementi, yaani ukipiga kofi moja unalisikia linarudi mara tatu.

Jukwaani tuna monita nne za sakafuni, zile spika zinazotutazama sisi ili tujisikie. Shida inaanza hivi, mpiga drams akichangamka waimbaji hawajisikii, wanamwonyesha fundi mitambo kidole juu, fundi anapandisha monita, solo naye hajisikii anapandisha ampu yake, mimi nami nafuata, na ikifika wimbo wa tatu maiki zinaanza kupiga mluzi na mchungaji anageuka kututazama. Ibada yetu ni masaa matatu na nusu. Nikirudi nyumbani masikio yanalia wiiiii, nalala nayo, naamka jumatatu bado yanalia, siku hizi mke wangu akiniita kutoka jikoni nasikia ameita ila sijui amesema nini. Nina miaka 34 tu.

Nimekuwa naona kwenye ibada za mtandaoni waimbaji wana zile iafoni za jukwaani, inia, na mbele yao hamna monita hata moja. Jumamosi nikajaribu na zangu za Bluetooth, nikachomeka kile kitumaji kwenye tundu la hedifoni la mikisa, aisee sauti inakuja imechelewa, kidole kinagusa nyuzi halafu noti inafika baadaye, nikashindwa hata kumaliza ubeti.

Mikisa yetu ni ya kawaida siyo ya dijitali, chaneli 16, ina AUX nne, yaani njia za pembeni za kutolea sauti kwenda monita. Mfuko wa muziki una kama laki sita na hapo nimeshaomba sana. Je hiyo hela inaanzisha kitu au tusubiri? Na je ni lazima zile zisizo na waya? Naombeni mnisaidie kwa lugha nyepesi maana fundi wetu ni kijana wa kujitolea, ana moyo sana ila hajasomea.

FundiMitambo_Moro
Mkuu pole na hayo masikio, hilo tutalirudia maana ndilo kubwa kuliko mluzi.

Kwanza hiyo ya Bluetooth usihangaike nayo tena, siyo kwamba zako ni mbovu. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti milisekunde 150 mpaka 250 hivi. Kwa kusikiliza muziki kwenye daladala huwezi kugundua, ila kwa mpigaji ni balaa. Piga hesabu, sauti hewani inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 200 ni mita 68, ambao ni upana wa uwanja wa mpira. Ulikuwa umesimama mstari wa upande mmoja na ampu yako iko mstari wa upande wa pili, halafu unataka upige pamoja na drams, haiwezekani kwa binadamu yeyote.

Sasa la waya. Anzeni na waya, na wala msione ni umaskini. Mpiga drams, kinanda, besi na solo nyie hamtembei, mna waya wa gitaa tayari, wa pili unaufunga sambamba na ule wa gitaa kwa utepe unakuwa mmoja. Waya hauingiliwi na simu, hauna kuchelewa na ni bei ndogo.

Njia yenyewe ni hii. Kwenye mikisa angalia zile AUX, kila moja ina kitufe au maandishi ya PRE na POST. PRE maana yake sauti inachukuliwa kabla ya feda, kile kitelezi cha volyumu ya ukumbini, POST ni baada yake. Zote za masikioni ziwe PRE. Ukiacha POST kila fundi akishusha feda ya ukumbini na wewe anakupunguzia sikioni bila kujua, halafu mnaanza kugombana naye bure. Kutoka AUX SEND waya unakwenda kwenye kiboksi kidogo cha kiunoni, mimi natumia Behringer P2, kinabanwa kwenye mkanda, kinatumia betri mbili za AAA, kina kifundo kimoja cha volyumu na kiswichi cha mono na stereo. Kwa AUX moja weka mono, ukisahau utasikia vibaya utasema kifaa kibovu. Kutoka hapo iafoni.

AUX ni nne na nyie ni tisa, msijaribu kumpa kila mtu ya kwake. Gaweni hivi: drams na besi AUX moja, maana mnahitaji vitu vilevile, kinanda na solo ya pili, waimbaji ya tatu. Ya nne acheni kwa ajili ya monita moja ya sakafuni ya mchungaji na ya mwimbaji ambaye hatazoea, na lazima atakuwepo mmoja. Ila angalieni kwanza kama hiyo ya nne siyo ile inayolisha rivabu, ule mwangwi wa kutengeneza, mikisa nyingi ziko hivyo.

Waimbaji watano mkiwasimamisha karibu mnaweza kutumia ile Behringer HA400, inagawa kwa hedifoni nne, inakaa chini kwenye stuli katikati yao na waya za kurefusha. Hapa kuna mtego umewaliza wengi nami nikiwemo. Ukichukua waya wa jaki ya stereo, yenye mistari miwili myeusi, TRS, kutoka AUX moja kwa moja mpaka HA400, kushoto na kulia zitapata sauti zinazopingana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, utasikia kama mwimbaji yuko nyuma ya kisogo chako na besi imekimbia. Nilibadilisha iafoni tatu kabla sijajua kosa ni waya. Mwambie fundi wa kuchomea akutengenezee waya mmoja, upande wa mikisa jaki ya mono, upande wa HA400 jaki ya stereo, ile laini ya sauti aiunganishe kwenye ncha na kwenye pete ya katikati kwa pamoja. Kazi ya dakika kumi.

Iafoni zenyewe. Shure SE215 ni nzuri na inavumilia, ila Kariakoo kuna feki nyingi mno, boksi safi kabisa ndani takataka, ukiona bei inakuchekea jua si yenyewe. Kwa kuanzia chukueni KZ ZSN au ndugu zake, haifiki laki, waya wake unachomoka kwa hiyo ukikatika unabadilisha waya tu. Kinachobeba kila kitu ni kuziba. Kama haikuzibi, besi yote inakimbia na unapandisha volyumu kufidia. Nunua zile ncha za sponji, unaiminya kwa vidole mpaka iwe nyembamba, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio kwenda juu na nyuma, unaingiza, unashikilia hesabu ishirini mpaka sponji ivimbe. Ukiongea mwenyewe usikie sauti yako inavuma kichwani, hapo umeziba.

Za hewani, zile zisizo na waya, subirini. Na mkija kununua angalieni masafa. Kuna mzigo mwingi wa mitumba kutoka Marekani wa bei ya kutupa, maana kule walikatazwa kutumia masafa ya 700 MHz toka 2010 na mengi ya 600 wakakatazwa 2020, wakayapa makampuni ya simu. Hizo mashine ndizo zinakuja huku, na 700 hata kwetu imeenda kwa simu. Unawasha inafanya kazi vizuri kwenye mazoezi, jumapili watu mia tatu wakiingia na simu zao inaanza kukwaruza. Hizi za bei ndogo za 2.4 GHz nazo zinagombana na Wi-Fi, kwa chumba kidogo sawa ila kwa ukumbi wako sishauri.

besi_ya_ziwani
Mkuu Moro Mungu akubariki sana, hakuna aliyewahi kunieleza hii kitu ya PRE na POST, nimekwenda kuangalia leo jioni zote ziko POST kasoro moja!! Kumbe ndiyo maana kila tukilalamika fundi anasema "mbona sijagusa".

Swali la nyongeza, hivi volyumu sahihi ya sikioni naijuaje? Maana naogopa nisije nikatoka kwenye monita nikajiua masikio kwa iafoni.

drams_pwani
Hilo swali ndilo limenifanya niingie kuandika, kwa kawaida nasoma napita.

Mie ni mpiga drams, nimepiga bendi za mahoteli huku Mombasa na Diani karibu miaka kumi na sita. Sikio langu la kushoto lina mlio ambao hauondoki tena, mchana nausahau, usiku feni ikizimwa uko palepale. Haukuja kwa monita, ulikuja kwa iafoni.

Ilikuwa hoteli moja sitaitaja, usiku wa kuamkia mwaka mpya. Nimevaa inia, volyumu nimepandisha kwa sababu sponji ya kushoto ilikuwa imechakaa hainizibi. Kijana wa mitambo akachomoa waya wa kinanda bila kuzima chaneli. Ule mpasuko ukaniingia sikioni wote, niliangusha fimbo. Nikamaliza shoo kwa sababu watu wako uwanjani, nikasema kesho itapoa, haikupoa.

Sasa hesabu ambayo daktari wa masikio alinichorea kwenye karatasi ndiyo hii naiweka hapa muikariri. Desibeli 85 unaweza kukaa nazo masaa manane kwa siku. Kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. 88 masaa manne, 91 mawili, 94 lisaa limoja, 97 nusu saa, 100 ni robo saa tu. Drams kwenye ukumbi wa mabati na monita zimepanda, mia ni jambo la kawaida kabisa, na nyie mnakaa masaa matatu na nusu. Kwa hiyo ndugu wa Mwanza kulia kwa sikio mpaka jumatatu siyo uchovu, hilo sikio linaumia kila wiki na linachopoteza halirudishi. Nenda ukapimwe usikivu, usisubiri hiyo vifaa inunuliwe.

Inia ni nzuri kwa sababu moja tu, inaziba kelele za nje, na kwa kuwa nje kumezibwa unaweza kusikia vizuri kwa sauti ndogo. Usipoziba umepoteza faida yote na umebaki na spika ndani ya tundu la sikio. Namna yangu ya kupima ni hii, naziba vizuri, kifundo kiko sifuri, bendi inaanza kupiga wimbo mzito, napandisha polepole mpaka naweza kufuata kinanda na sauti ya kiongozi, basi hapo nasimama. Natia alama ya tipeksi kwenye kifundo na siipiti mpaka shoo iishe. Baada ya nusu saa masikio yanachoka na yataomba zaidi, usiyape.

Pili, limita. Omba fundi aweke limita kati ya mikisa na masikio yenu, hata ya bei ndogo, ili maiki ikianguka au mtu akichomoa waya isipite kiwango. Na muwe na sheria ya kanisa, hakuna anayechomeka wala kuchomoa kitu bila kuzima chaneli na kuinua mkono.

Tatu, na hapa nakuomba kwa dhati, msivae sikio moja. Waimbaji wanapenda kuning'iniza moja begani eti wasikie watu. Sikio lililo wazi linapigwa na drams na spika, lile lililozibwa unalipandishia ili lishindane na kelele za upande wa pili. Unaumia pote pawili.

Kwa mpiga drams kama hapendi vitu vya kuingiza ndani, hedifoni kubwa za kufunika sikio zinafaa, ila ziwe zile zilizofungwa nyuma, zile za wazi zinaingiza matoazi yote. Mie nikiwa na mazoezi marefu navaa hizo na jasho lake navumilia.

alto_wa_kigamboni
Bwana asifiwe wapendwa. Kaka zangu wameongea ya mitambo vizuri, mimi nataka niseme upande wa waimbaji maana mara nyingi tunawekewa tu halafu tunaambiwa tutazoea.

Siku ya kwanza navaa inia nilitamani kulia. Unaziba masikio, ghafla kanisa limepotea. Watu wanaimba mbele yako unaona midomo inaenda ila husikii kitu, ni kama uko nyuma ya kioo. Na sauti yako mwenyewe inavuma kichwani kama umeingiza kichwa kwenye mtungi. Nikaimba wiki mbili chini ya ufunguo bila kujua, mpaka mwenzangu akanirekodi na simu.

Kilichonitoa ni vitu vitatu. Fundi wetu akaweka maiki mbili pembeni ya jukwaa zinatazama watu, haziendi kwenye spika za ukumbi kabisa, zinakuja masikioni kwetu tu. Mkiwa na chaneli zimebaki fanyeni hivyo hata kwa maiki moja, kanisa likiinua wimbo unalisikia na unajua pa kunyamaza. Halafu akanitilia rivabu kidogo kwenye sauti yangu, kavu kabisa inakufanya ubane koo. Na tatu nikajifunza kuomba kwa kupunguza. Zamani nilikuwa nasema "niongezee mimi, niongezee mimi", sasa nasema "mpunguze solo". Ukijiweka juu sana utaimba kwa uoga, sauti inakosa nguvu maana sikioni tayari ni kubwa, ukijiweka chini sana unapiga kelele mpaka ibada ya pili huna koo. Mimi najiweka juu kidogo ya wenzangu, kinanda wazi kabisa kwa ajili ya ufunguo, kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, kidogo na matoazi hata kidogo sitaki.

Na kaka wa Mwanza usisahau hili, MAIKI YA MCHUNGAJI iingie kwenye AUX zote. Kwetu jumapili ya kwanza mchungaji alisema turudi kwenye kiitikio polepole watu waombe, sisi wote tumeziba masikio, tukaendelea na daraja, kile kipande cha kati cha wimbo, kwa nguvu zote. Hakukasirika ila mimi nilijisikia vibaya sana kwa sababu watu walikuwa wameshapiga magoti.

Kuhusu usafi, kila mtu na yake. Msibadilishane. Ncha zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni zikauke kabisa kabla ya kurudishwa, sponji hazioshwi zinatupwa, na kile kitundu mfute nta kwa mswaki laini mkigeuzia chini. Sauti ikipungua upande mmoja mara nyingi ni nta, siyo waya.

fidla_unguja
Salaam. Naomba niseme neno tofauti kidogo. Mie napiga fidla kwenye taarab huku Unguja, na tulipoletewa wazo la inia kwenye kikundi chetu tulilijaribu tukaliacha. Fidla tunakaa safu moja, ganuni iko mbele, udi pembeni, tunasikilizana kwa mbao na nyuzi zenyewe, mwenzangu akivuta upinde nausikia mkono wake kabla ya sauti. Tukiziba masikio kila mtu anabaki peke yake na sauti ya maiki, na hizi maqam zetu, yaani ngazi zetu za noti, zina vipande ambavyo unavipata kwa kumwegemea mwenzako. Tulichofanya tulishusha spika, tukasogeleana, maiki tukazileta karibu na vyombo, na kile chombo cha besi tukakipunguzia ampu.

Sisemi inia ni mbaya. Nyie mna drams na mabati, hali yenu si kama yetu. Ila kabla ya kununua jaribuni jumapili moja mpiga drams atumie fimbo nyepesi au zile za kufunga vijiti vyembamba pamoja, na ampu za gitaa mziinamishe zitazame magoti ya mpigaji mwenyewe badala ya kupiga migongo ya waimbaji. Hilo halina gharama na mtashangaa.

FundiMitambo_Moro
Mzee wa fidla umesema kweli, na mimi naunga mkono. Ampu ya besi kwenye kona ya ukuta ndiyo mara nyingi inajaza ukumbi, isogezeni mbali na kona. Na mazulia chini ya drams, mapazia mazito ukuta wa nyuma. Inia hazitatibu ukumbi, zitawatibu nyie mlio jukwaani tu, washirika watabaki na mwangwi wao.

besi_ya_ziwani
Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Tulianza na ya mzee wa Unguja kwa sababu haikuwa na hela. Ampu yangu nimeitoa konani nimeiinamisha, mazulia mawili ya mama mchungaji chini ya drams. Mluzi ulipungua jumapili ileile.

Kisha tukanunua P2 mbili, HA400 moja na KZ sita, kila mtu na iafoni zake kwenye boksi lenye jina lake. Ule waya wa mono kwenda stereo tumetengenezewa na kijana mmoja wa redio hapa mjini. Monita za sakafuni zimebaki mbili. Mimi na drams tuko sawa kabisa, tena siku ya kwanza nilisikia kwamba nimekuwa nikipiga noti moja siyo kwenye wimbo ambao tumeuimba miaka miwili, nilikuwa siisikii kwenye makelele. Waimbaji watatu wamekubali, wawili bado, mmoja sikio lake ni dogo ncha zote zinatoka, mwingine anasema anaona upweke, huyo nimemsomea ulichoandika wewe dada wa Kigamboni akasema ndivyo hasa. Jumapili hii tunaweka maiki ya kutazama watu.

Nimekwenda pia kupimwa. Masikio yote yamepungua kwenye sauti za juu, la kulia zaidi, maana ndilo lililokuwa linatazama matoazi. Daktari amesema halitarudi ila nikilinda litabaki hapo. Jumatatu hii niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakaa kitandani nasikiliza, palikuwa kimya, nikasikia mvua ya rasharasha juu ya bati.

Swali dogo la mwisho, betri za P2 tunabadilisha kila ibada au zinaweza kwenda wiki mbili? Jumapili iliyopita ya drams ilizima katikati ya sadaka.

FundiMitambo_Moro
Weka mpya kila jumapili asubuhi kabla ya kujaribu mitambo, zile zilizotoka zitumike kwenye mazoezi ya katikati ya wiki mpaka zife. Na kipande cha utepe mweupe mgongoni kwa kiboksi, andika tarehe uliyoweka.